Alama Chini ya Rangi

Jumatatu, 3 Aprili
Barua ya uthamini imefika. Thamani ya ardhi ya Bibi Concetta imepanda karibu mara mbili! Halmashauri nayo hupandisha kodi kwa kufuata thamani hiyo. Baba anasema kwa pensheni yake Bibi hataiweza. Itabidi auze nyumba, ahamie chumbani kwangu. Bibi kajibu kuwa yeye hahamishwi na karatasi.

Jumanne, 4 Aprili
Nimepiga simu ofisi ya uthamini – mimi mwenyewe! Kumbe nyumba hawaihesabu kabisa. Wanathamini kiwanja kitupu, kana kwamba nguzo zinazoiinua nyumba, ngazi na baraza havipo. Na sisi miaka yote tumeacha ukuta wa mbele ubambuke ili tuonekane maskini! Baba alicheka, kisha akatoka kwenda kuutazama ukuta.

Tunaruhusiwa kupinga. Ila lazima tuonyeshe kasoro ya ardhi yenyewe.

Kasoro ipo. Hakuna anayeitaja mezani.

Alhamisi, 6 Aprili
Nimeitaja mezani. Mafuriko.

Bibi aliweka uma chini. "Maji ya mto hayajawahi kuingia kwangu."

Babu Nello, kaka yake anayeishi ng'ambo ya barabara, kwenye mwinuko, nusura apaliwe na tambi. "We Concetta! Si nilikuja kukuchukua ngazini kwa mashua?"

"Ulikuja kuomba kahawa."

"Kwa mashua?"

Bibi aliondoka mezani. Baba akanieleza: marehemu Babu aliponunua kiwanja hiki, Babu Nello alimcheka mbele ya wakata miwa wote, akakiita bwawa la vyura. Tangu hapo Bibi hakubali neno. Anaona akikiri, atakuwa amemsaliti mumewe kaburini.

Lakini asipokiri, nyumba inakwenda!

Jumamosi, 8 Aprili
Mtaani kwetu kila nyumba ina nguzo yenye alama za kimo cha mafuriko. Ya Bibi tu ni nyeupe. Huipaka rangi kila Pasaka. Leo kanipa brashi kama kawaida. Nilipaka polepole, mikwaruzo bado inashikika kwa kidole.

Nikauliza nani aliichora.

"Babu yako. Maji yakishuka tu, huyo na kisu chake. Mimi nyuma yake na rangi."

Niliendelea kupaka. Nilitamani asikie mwenyewe alichokisema.

Jumatano, 12 Aprili
Naandika hapa ngazini. Mthamini kaja kukagua kwa ajili ya pingamizi letu – mama mpole, buti safi mno. Bibi kavaa hereni za kanisani.

"Una kiwanja kizuri, mama," mgeni alisema.

"Hakuna kizuri kama hiki!" Bibi akadakia. Baba akafumba macho.

"Na maji? Huwa yanafika?"

Babu Nello alikuwa ameegemea uzio. Nilimkazia macho asithubutu. Hakuthubutu.

Bibi aliingia jikoni. Nikajua basi, yamekwisha. Akatoka na kisu cha kumenyea viazi, akateremka hadi kwenye nguzo, akaanza kukwangua rangi. Alama ya kwanza ikatokea usawa wa goti.

"Hiyo ndogo," akamwambia mgeni. "Mume wangu alichora zote. Hakuwa mtu wa kuficha."

Ya pili, kiunoni. Ya tatu, begani. Mgeni anapiga picha. Babu Nello kavua kofia.

Bibi ananiita. Anataka kiti – alama iliyobaki iko juu, haifikii.