Fimbo Mkononi, Mkwe Nyuma

Jumatano, 20 Agosti
Nimeshona sare za shule tangu asubuhi. Uzi mweupe umeisha. Jioni mke wangu Kabula kaniambia ziwa limeshuka, njia ya mawe ya kwenda kisiwani imejitokeza. Mama yake anataka kuiona nyumba ya babu yake, mtemi. Alizaliwa humo. Macho yake yanafifia, na daktari hakumficha. Mitumbwi haitii nanga kule, miamba mitupu. Kabula ana mimba ya miezi minane. Kwa hiyo nimpeleke mimi. Mimi na mama mkwe, ambaye kwa mila ya ukwe tukikutana uani kila mtu hutazama chini. Sijawahi kula naye chumba kimoja. Sitaki.

Ijumaa, 22 Agosti
Kabula kacheka mpaka kashika tumbo. Eti nichukue fimbo ndefu, mimi nishike huku, mama ashike kule, tusigusane.

Jumamosi, 23 Agosti
Kabula alibaki ufukweni na mwavuli. Sisi tukavuka na fimbo yetu. Bati limeporomoka, kuta za mawe zimesimama. Mama mkwe alipapasa kila ukuta, kila kizingiti. Alisimama muda mrefu pale kitovu chake kilipozikwa. Nilijua upepo wa mchana hurudisha maji. Lakini mkwe humwamrishi. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Mjinga mimi.

Tulipotoka, mawimbi yalikuwa juu ya njia. Hatua ya kwanza tu akateleza, fimbo ikaenda na maji. Niliogopa sana. Nikachuchumaa, nikampa mgongo bila kumtazama. Akanipapasa bega. Kisha akapanda. Mwepesi kuliko furushi la vitambaa. Maji yalinifika kiunoni, na Kabula ng'ambo analia. Katikati ya njia mama akasema sikioni mwangu, "Nimeiona, baba. Sasa hata giza likija, lije."

Jumapili, 24 Agosti
Mgongo unauma. Sikulala vizuri kwa aibu. Baada ya ibada Kabula aliniwekea chakula changu sebuleni, peke yangu, kama siku zote. Mama mkwe akaja na sahani yake, akaketi mkekani.

"Mtu kanibeba mgongoni, nimfiche mdomo nikila?"

Tukala. Ugali na sato. Nashukuru, sijui hata nimshukuru nani kwanza. Baadaye akasogeza sahani yake kwangu, akaniomba nimtolee miiba, haioni vizuri. Nikamtolea.