Viganja kwenye Kanvasi

Jumapili, Isevya

Mwili bado unanisisimka.

Asubuhi nilitaka kuitupa ile kanvasi. Udongo mwekundu na gundi niliupaka kwa kiganja, kama ninayekandika ukuta, badala ya kutumia kisu cha kupakia rangi. Umekauka, ukapasuka wote. Kazi ya wiki nzima!

Mama, ambaye siku hizi haoni, akaomba aiguse. Vidole vyake vikafuata alama za kiganja changu, halafu vikasimama.

"Ukuta wa mama yangu umeutoa wapi?"

"Nimeupaka mimi, mama."

"Wewe? Mbona ni mkono wake? Akifika mwisho wa ukuta alikuwa anapinda kiganja hivi hivi."

Bibi alifariki kabla sijazaliwa. Nyumba yake ilibomoka zamani.

Jioni, kabla ya kula, niliimwagia mikono yangu maji taratibu, kana kwamba namnawisha bibi.