Nusu ya Pili ya Hotuba ya Baba

Kabuchai,
Jumatano jioni.

Kwako ndugu yangu Wangila,

Nakusalimu kwa salamu za nyumbani na kwa hizo zenu pia, maana amani ni amani hata ikitamkwa kwa Kiarabu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba Zuhura amepata nguvu tangu ajifungue. Mtoto anaendeleaje? Analala vizuri, au amerithi ile tabia yako ya kulia mpaka kijiji kizima kijue una njaa? Mimi ni mzima wa mwili. Shule tumefunga, mahindi yanakauka shambani, na miwa ya jirani bado inangoja lori. Habari za Baba nitakupa, lakini nikianza na yeye nitashindwa kupanga mengine, kwa hivyo nivumilie.

Barua anakuletea Sandra, yule wa vitunguu wa Kachibora, ambaye hupitia Kitale akitoka soko la Kanduyi. Sikukupigia simu kwa sababu Baba hushinda karibu nami, na masikio yake bado ni ya mwalimu anayesikia mnong'ono wa dawati la nyuma. Nasema mapema, ili hata ukiishia hapa uwe umepata lililo kubwa: usije nyumbani. Usilete Zuhura na watoto kuona nyumba unayojenga hapa. Usije mpaka nikuambie mimi, mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Najua umesikia kwamba Baba alikulaani kwenye kumuse ya Mzee Wekoye, ile hotuba ya kufariji wafiwa baada ya mazishi. Si kweli. Kilichotokea ni kibaya kuliko laana, kwa sababu laana ina namna yake ya kuondolewa.

Wewe uliondoka mara tu baada ya mazishi, uchungu ulipomshika Zuhura. Siku ya kumuse tukakaa chini kuzunguka uwanja kama ilivyo desturi. Unakumbuka tulivyokanywa tukiwa wadogo: msemaji akishatembea katikati na fimbo yake, hakuna kusimama, hakuna kukatiza uwanja, hata ukibanwa na haja. Uwanja ukikatizwa, maneno yamefungwa papo hapo na hayaongezwi. Na lililosemwa pale halihesabiwi kuwa la msemaji. Ni la marehemu, na la wote waliomtangulia.

Mzee Sikuku, msemaji wetu, alikuwa ameshikwa na homa na sauti imemkauka. Wazee wakamwomba Baba ashike fimbo, kwa kuwa babu yake aliishika. Ungemwona alivyovaa lile vazi la ngozi! Maisha yake yote amefundisha historia na hakuna aliyewahi kumpa darasa kubwa hivyo. Badala ya kusimulia ukoo ulikotoka, kumtaja marehemu na rika lake, kisha kufariji watu, mzee wetu akaamua kufundisha.

Wangila, alitaka kukutetea. Hilo uliweke moyoni kabla ya mengine yote. Tangu ulipoingia Uislamu, Baba, Mkristo wa kanisa la Friends mpaka kwenye mifupa, amekuwa akitafuta kila kitu ambacho watu wasio Waislamu wameandika kuhusu dini yako. Hakusoma ili akufuate. Alisoma kama mzazi anavyotafuta kwenye ramani mji ambao mtoto wake amepelekwa kazi. Na hotuba yake aliipanga sehemu mbili. Kwanza wale walioogopa na kudharau, wote wapewe nafasi waseme mpaka waishe. Kisha, watu wakishatikisika, awageuze.

Akaanza na watawa wa Ulaya ya kale, waliodai kwamba Uislamu ni Ukristo uliopinda tu. Akaja kwa maafisa wa kikoloni, walioandikiana kwamba dini hii inaweza kuwaunganisha watu weusi, kwa hivyo ichungwe. Akamalizia na kijitabu fulani cha wamishonari kilichosema kwamba Waislamu huingia nchini kama siafu: kwanza mstari mmoja mwembamba pembeni mwa nyumba, mwenye nyumba akiutazama na kucheka, halafu siku moja anaamka na kukuta banda la kuku lina mifupa tu. Baba aliyasema hayo kwa ufundi wake wote. Alibadilisha sauti. Alitembea polepole akiangalia chini, kama anayeutazama huo mstari. Mimi ninayezijua mbinu zake nilisisimka mwili, sembuse wengine.

Halafu akanyamaza, vile alivyokuwa akinyamaza darasani kabla ya kuuliza kama hayo yote ni kweli. Akainua mkono. Hapo ndipo Mama Sellah, mjane wa marehemu, alipoanguka kwa jua na njaa ya matanga. Wanawake wakainuka, wakakimbia wakikatiza uwanja kutoka pande zote. Mama Sellah alipewa maji akapona. Baba alibaki katikati ameinua mkono. Wazee wakamwambia basi, mwalimu, imetosha. Wakamvua lile vazi.

Kwa hivyo neno la mwisho lililosemwa juu ya kaburi la Mzee Wekoye ni siafu. Hakuna anayeuliza ni nani aliyeandika, wala lini, wala alikuwa anaogopa nini. Darasani ungeuliza. Kwenye kumuse maneno ya mtu mwingine hayapo, yote ni ya wazee.

Watu wakaanza kuangalia huku na huku, na walichokiona ni msingi wa nyumba yako. Wakaanza kusema ati kwa nini mlango unatazama kaskazini, upande wa Makka. Ati lile bomba la maji la nje ni la watu wangapi, si kwa mke mmoja na watoto wawili. Fundi wako Rotich alikuwa anakuja kazini asubuhi moja, akaongea na watu njiani, akageuka. Mwiko wake wa kujengea uko hapa kwangu. Phanice, ambaye tumeazimana chumvi tangu nizaliwe, sasa anatuma hadi dukani. Bomba lilikatwa. Na binamu yetu Job amekusanya wanaume, wanashinda pale kwenye msingi mchana kutwa, hawavunji kitu, hawapigi kelele, wamekaa tu juu ya mawe yako wakila miwa. Nilimwendea mzee wa kijiji. Akanijibu kwa upole kwamba hakuna mtu aliyefanya kosa bado. Hilo neno lake, “bado”, silisahau.

Baba alizunguka nyumba kwa nyumba kueleza kwamba hotuba haikuwa imeisha. Walimkaribisha, wakampa chai, wakamsikiliza kwa heshima yote. Ndiyo mwalimu, tulikusikia vizuri sana. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumhurumia, wakisema mzee ametishwa na mwanawe. Mwishowe akamwendea Mzee Sikuku amuulize dawa yake ni nini. Mzee Sikuku akamwambia kwamba maneno ya kumuse hurekebishwa kwenye kumuse nyingine. Na unajua kumuse haiitwi kama harambee. Lazima mzee afe, mzee wa heshima, na afe kifo chake.

Baba alirudi siku hiyo ametulia sana. Nilifurahi, mjinga mimi. Akaanza kushinda na Mzee Sikuku chini ya upenu wa jikoni, akimfundisha nusu ya pili sentensi kwa sentensi, na Mzee Sikuku akirudia kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilikuwa nakoroga ugali huku nikisikiliza. Kuna mchungaji mweusi wa Liberia, wa karne ile ya kumi na tisa, aliyeandika kwamba Uislamu ulimwachia Mwafrika heshima yake pale ambapo wazungu wa makanisa walimpokonya. Kuna mwandishi wa Uskoti aliyewaambia wenzake kwamba mtu mwongo hawezi kujenga hata nyumba ya matofali, sembuse dini ya watu wengi hivyo. Kuna wanahistoria waliokiri kwamba vyuo vya Ulaya vilisoma udaktari kwenye vitabu vya Waarabu. Na Baba, kwa kuwa ni Baba, hakuwaachia hata hao. Alimwambia Mzee Sikuku kwamba baadhi yao waliusifu Uislamu ili kulichapa kanisa lao, kama mtu anayemsifia jirani mke wake ili wa kwake asikie. Mzee Sikuku alicheka mpaka fimbo ikamponyoka.

Nilidhani ni mzee anayejiliwaza. Halafu nikaona sisimizi.

Walikuwa nyuma ya choo, pale Baba anapopenda kukojoa akidhani simwoni. Weusi, wamejaa, udongo wote unatembea. Nikasimama pale nikakumbuka mwaka ule alipogunduliwa ana sukari, jinsi Mama, Mungu amrehemu, alivyojua kwa sisimizi waliofuata mkojo wake, kabla ya daktari. Nikaenda kwenye chungu cha maji tunamopoza dawa yake. Chupa zilikuwa zinapungua sawasawa. Siku iliyofuata nikajificha nyuma ya pazia. Alivuta dawa kwenye sindano vizuri kabisa, akafungua dirisha, akaimwagia migomba.

Nilimkabili. Akaniangalia usoni kama mwanafunzi aliyekula chaki, akasema amedunga. Baba yetu hajawahi kunidanganya, Wangila. Nilipolia ndipo akasema ukweli. Alisema amekufungia mlango kwa mdomo wake na ni yeye atakayeufungua, na kwa kuwa hawezi kushika fimbo tena, basi atawapa kaburi, na Mzee Sikuku atasema yaliyobaki mbele ya watu wale wale. Akaniapisha nisikuambie. Niliapa. Sasa miguu imevimba, anaona ukungu, na mchana analala ghafla katikati ya sentensi. Juzi aliniuliza kama nimeshamwambia Phanice aandae masufuria ya matanga.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hata Baba halijui.

Mtu aliyejiua hakaliwi kumuse. Huzikwa kimya, watu wakarudi makwao. Baba alilijua hilo ndiyo maana akamwagia migomba badala ya kukataa dawa wazi. Basi jana nilikwenda kwa Mzee Sikuku nikamwambia kila kitu, sindano, dirisha na sisimizi. Akachukua fimbo iliyokuwa karibu na mlango akairudisha darini, na akaniambia kwamba mdomo wake hautasema neno kwenye matanga ya Mukhwana baba yetu, iwe leo au mwaka kesho.

Kwa hivyo hakuna nusu ya pili. Nimeiua. Baba akifa sasa atakuwa amekufa bure, na nilitaka iwe hivyo, ili asife. Lakini ujue maana yake kwako. Ile njia moja iliyokuwepo ya kuwaondoa watu wale juu ya mawe yako, mimi dada yako nimeiziba. Nilipewa Baba na nyumba yako nichague, nikamchagua Baba. Ukinikasirikia nitakuelewa. Ningechagua hivyo hivyo kesho.

Sijathubutu kumwambia. Mimi hanisikilizi, mimi ni yule wa kupika. Deni analojiona nalo ni kwako, na wewe tu ndiye unaweza kumsamehe. Jumapili tukitoka kanisani nitamkalisha barazani na simu. Mpigie. Usimwambie habari ya dawa kwanza. Mwombe akupe nusu ya pili, yote, tangu pale mkono ulipoinuka. Atachoka, atapotea, atalala katikati. Mngoje aamke. Mtoto akilia mpe Zuhura, usisimame, usimkatize hata kumuitikia. Mwache amalize mbele ya mtu mmoja. Akimaliza mwambie umesikia, halafu mwambie adunge sindano ukiwa hapo hapo kwenye simu.

Sentensi ya mwisho ya hotuba naijua, kwa sababu alimrudisha Mzee Sikuku mara nyingi mpaka akaipata. Inasema: Hawa wote niliowataja, waliosifu na waliotukana, waliandika juu ya nyumba ambayo hawakulala ndani yake, mimi nimelala kwa mwanangu Kitale, nikaamshwa na adhana, nikapewa uji.

Ninapoandika, Job ametoka hapa sasa hivi. Huja kila siku kumjulia Baba hali, na humshika mkono kwa upendo hasa. Leo hakuja mikono mitupu. Amekuja na wenzake na mikokoteni ya mchanga wako, ule wa kwenye msingi, wakaumwaga vizuri kando ya kaburi la Mama, wakausawazisha kwa majembe. Ati mchanga usije ukahitajika ghafla, dada, tukahangaika. Halafu akaniuliza, kama anavyouliza kila siku, kama Wangila amejulishwa hali ya mzee, maana mwana hawezi kukosa mazishi ya baba yake. Nikamwambia bado. Akasema nikikuandikia nikuambie wanakungoja.

Nimekuambia.

Msalimie sana Zuhura, na watoto wote wawili, hasa huyo mdogo ambaye shangazi yake hajamwona. Mfikishie salamu Sandra pia, na umpe chai, maana hajui alichobeba. Mungu wetu na wenu, ambaye Baba anasisitiza ni mmoja, awafunike.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Nasambu.