Mguu Wangu Si Hati

Marereni,
3 Novemba 2024.

Kwa kaka yangu Momanyi,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na mama watoto na nyumba yote. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, kwa sababu ni ndefu, na kwamba kile kikohozi cha Agosti kimekuachilia. Mama naye anaendeleaje? Nimesikia bado anakwenda kanisani kila Sabato kwa miguu yake mwenyewe na kurudi akiilaumu kwaya. Akilaumu kwaya, basi ni mzima.

Utashangaa kupata karatasi na simu zipo. Simu nimejaribu mara tatu. Kila nikianza, unaniuliza kama nimekula, kisha unasema yaliyopita yamepita. Tena kwa Ekegusii nashindwa, kwa maana ndiyo lugha niliyodanganya nayo. Kuandika barua kwa Kiswahili nilifundishwa shuleni, na ni moja ya vitu vichache nilivyotoka navyo darasa la nane. Ombati wa Nyamarambe, ninayefanya kazi naye huku, anakuja likizo, nimemwambia akuwekee hii mkononi mwako, si mkononi mwa mtu mwingine.

Kazi ya huku unaijua kwa kusikia tu. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye mabwawa, jua linayanywa, chumvi inabaki imeganda. Sisi tunaivunja, tunairundika, tunaipakia. Inaingia kwenye nyufa za miguu mpaka mtu anaisahau kama anavyosahau jasho. Wenzangu wananiita Mizani, kwa kuwa nikitembea bega moja linashuka na lingine linapanda. Asubuhi lazima mmoja apaze sauti aniulize upande wa kushoto leo una kilo ngapi. Nami namjibu kwamba ni mzito leo, nimembeba mama yake. Tunacheka, tunaingia kazini.

Lakini tangu Machi kicheko kimepungua. Siwezi kuvaa soksi ya kushoto bila kulala chali kwanza. Upande huo siulalii. Choo cha shimo, samahani kwa kusema, kimekuwa mtihani, nachuchumaa nikishika ukuta kama mlevi. Msimamizi aliniona nimesimama katikati ya bwawa na beleshi, nimeshindwa kwenda mbele na kurudi nyuma, akanitoa. Sasa nashona magunia pamoja na kina mama, nimekalia kreti. Ndiye aliyenilazimisha kwenda hospitali.

Daktari alikuwa mama mmoja kijana. Nilimwambia ninachomwambia kila mtu, kwamba goti linaniuma. Akalipapasa goti, akaliacha, akaushika mguu mzima akauzungusha kama mtu anayefungua mfereji uliokwama. Nilipiga kelele. Akasema goti langu halina neno, linalia tu kwa ajili ya nyonga. Nilipopigwa picha akanionyesha mwenyewe. Kulia kichwa cha mfupa ni cha mviringo, kimekaa vizuri kwenye kikombe chake. Kushoto kimebonyea kama uyoga uliokanyagwa.

Akanieleza kuwa ni ugonjwa wa utotoni. Damu inaacha kufika kwenye kichwa cha mfupa, mfupa unalainika na kubonyea, halafu unakuwa mgumu tena ukiwa na sura mbaya. Huwapata watoto wa miaka minne mpaka kumi hivi, wavulana zaidi, na mara nyingi mtoto hulalamikia goti. Akaniuliza maumivu yalianza lini. Nikaanza hadithi yangu ya siku zote, kwamba nilipigwa teke nikiwa jandoni. Akatikisa kichwa akasema teke halifanyi hivi. Nikaitazama tena ile picha, kaka. Akadhani sikuelewa, akaanza kunieleza upya polepole.

Sasa nikueleze na wewe. Mwaka ule wa 1990 nilikuwa na miaka minane. Maumivu yalianza Agosti, tukivuna mahindi. Mama alijua, kwa sababu ndiye aliyenipeleka kwa mkandaji karibu na Keroka, yule mzee aliyelivuta goti langu mpaka nikakojoa. Baba aliposema kwamba kama goti halijapona nitangoja mwaka mwingine, nilipona siku hiyo hiyo. Wenzangu wote walikuwa wanatahiriwa Desemba. Mimi nibaki nikichunga ndama na watoto wadogo, niitwe omoisia, mvulana ambaye hajakatwa, na Mokua wa jirani, niliyekuwa namshinda mbio? Mbele ya watu nilitembea nikiwa nimenyooka. Nikifika nyuma ya ghala nakaa chini, nauma shati.

Wewe ndiwe uliyetutunza kwenye saiga, kile kibanda chetu, mpaka vidonda vikapona. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Uliulinda moto usizime, ulituletea ugali wa wimbi, ulitufundisha nyimbo ambazo Mama akizisikia hata leo ataziba masikio. Na ni kweli ulitupiga mateke ya matako tulipochelewa na kuni, sote sita, ukicheka, nasi tukicheka. Wale watano walitoka mle ndani wamenyooka.

Siku ya kutoka ndiyo niliyoshindwa kuuficha mguu. Baba alinisimamisha mbele ya watu waliokuja kula, akaniuliza nimefanyaje. Niliona nikisema ni wa tangu Agosti, atajua nilimdanganya, na wazee watasema nilipelekwa kwenye kisu mgonjwa. Nikasema Momanyi amenipiga teke la nyonga. Ulisema mara moja tu kwamba hukuniumiza. Baba akasema anayekana anaongeza kosa. Alivyokuchapa sitaandika, ulikuwepo. Halafu akasema mguu uliouvunja utaubeba mwenyewe.

Ukaubeba. Miaka miwili mgongoni mwako, asubuhi kutoka mtoni kupanda mpaka shuleni, jioni kushuka. Tulichelewa kila mara, na wa kuchapwa kwa kuchelewa ulikuwa wewe, mimi naambiwa nikakae. Ulipoacha shule darasa la saba, watu walisema kichwa chako ni kizito. Kilichokuwa kizito ni mimi.

Baba hakuishia hapo. Kwetu shamba hukatwa kutoka barabarani mpaka mtoni, ili kila mwana apate tambarare yake, mteremko wake na maji yake. Letu alilikata kwa upana. Mimi akanipa juu kote, pale pasipo na kazi, karibu na kituo cha kupimia majani ya chai. Wewe akakupa mteremko wa mawe, na kila siku unapanda na kikapu chako ukipita kwangu kama mgeni. Wazee walipomuuliza ni desturi gani hiyo, alijibu kwamba mguu wa Mose ndio hati yake. Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikalipokea fungu hilo.

Na mwezi uliopita ukaniambia mpimaji anakuja Desemba kuweka mawe ya mipaka, ukanitumia fomu ya kuukubali mgawo wa Baba nitie sahihi. Ukasema, sahihi tu, ominto, ndugu yangu, halafu upumzike, mtu wa mguu hawezi mteremko. Ulisema kwa upole. Nilikaa na hiyo fomu siku kumi na nane.

Kwa hiyo sikiliza. Daktari amenipa jina la ugonjwa, basi. Kwamba huna hatia, hilo nilikuwa nalijua kabla yake, tangu nikiwa na miaka minane. Sikukosea, wala sikusahau.

Na kuna lingine ambalo hakuna anayelijua ila mimi na wewe, na nadhani wewe hujui uzito wake. Siku moja ya mvua, mwaka wa pili wa kunibeba, ulinitua kwenye jiwe pale mtoni. Ukaniuliza taratibu, bila hasira, kama kweli ni lile teke. Ulisema hukumbuki kunipiga kwa nguvu, lakini labda hukujua nguvu zako. Hapakuwa na Baba pale. Hapakuwa na fimbo. Ungeniamini kwa lolote ambalo ningesema. Nikakuambia ndiyo, ni lile. Ukainama, nikapanda tena mgongoni.

Ule uongo wa kwanza ulikuwa wa woga, mtoto anaweza kuhurumiwa. Huu wa pili nilikuambia kwa sababu nilipenda kubebwa. Kuanzia siku hiyo hukukana tena. Kwenye matanga ya Baba ulisimama mbele ya watu wote ukasema ulimharibu ndugu yako kwa ujinga wa ujana, ukaomba wakusamehe. Watu walilia. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, nimenyoosha mguu, na nililiitikia ombi lako kwa kichwa.

Nimemwambia mke wangu Lorna kwa simu kabla ya kukuandikia, kwa kuwa nyumba yake iko juu ya hilo shamba. Aliuliza, kwa hiyo miaka kumi na tano amekuwa akipika juu ya uongo wangu? Amekasirika na ana haki. Lakini hakuniambia nisiandike.

Ninachokuomba ni hiki. Mpimaji akija, akate kutoka barabarani mpaka mtoni, kama yalivyokatwa mashamba ya watu wengine wote. Kipande kilicho na nyumba ya Lorna kiwe changu, kingine ni chako, pamoja na barabara. Mteremko wangu nitaushuka nikiwa nimekaa chini ikibidi. Barua hii msomee Mama yote, hata pale paliponishinda aibu, kisha wasomee wazee waliomsikia Baba. Ombati nimemwambia asubiri aone umeifungua.

Na tafadhali, usinipigie simu jioni hiyo hiyo kusema yameisha. Najua moyo wako ulivyo. Kaa nayo kwanza. Kasirika. Una miaka thelathini na minne ya kukasirika, hujatumia hata siku moja.

Msalimie mama watoto, na Mama umwambie nitakuja Desemba nisimame naye wazee watakapokutana. Fomu nimeirudisha ndani ya bahasha hii, haina sahihi. Mtu yeyote akitaka sahihi yangu juu ya shamba la Onyiego, hii hapa chini ndiyo pekee ninayotoa.

Mdogo wako aliyekupotezea miaka,
Mose Onyiego.