Mtani Aliyekunywa Dawa Yangu

Jumapili, 15 Juni

Damu tena asubuhi. Nimemwaga ndoo nzima ya maji chooni ili mke wangu, Mama Rehema, asione. Kaona.

Kisha kanisani, tarumbeta mkononi. Pumzi ninayo, midomo ninayo, ila tumbo lilinikata katikati ya wimbo nikakosa kuingia ubeti wa tatu. Mwalimu wa bendi kanitolea macho. Nikajifanya natoa mate kwenye tarumbeta.

Alhamisi ndiyo siku. Wataingiza kamera kwa nyuma, ipande mpaka mwisho wa utumbo mpana, waone damu inatoka wapi. Naandika kwa sababu kusema siwezi. Anayejua ni yeye Mama Rehema peke yake, na yeye ndiye aliyenikokota hospitali. Mimi nilikuwa nasema ni bawasiri tu. Kaka yangu Elia naye, kule Bukene, alikuwa anasema ni bawasiri tu, mpaka siku aliyoshindwa kunyanyua jembe. Tulimzika. Nilimpigia tarumbeta mimi mwenyewe.

Naogopa saratani. Basi, nimeandika.

Jumatatu, 16 Juni

Kazini, kwenye kibanda changu cha fundi baiskeli. Baiskeli mbili za spoku, moja ya breki. Nilipoushika waya wa breki nikabaki nimeduwaa nautazama. Unaingia kwenye mpira wake, unapinda kona, unatokea kule. Ndivyo watakavyonifanya. Nikauweka chini, nikamwambia mwenye baiskeli aje kesho.

Masharti ya chakula yameanza. Mboga za majani hapana. Mlenda hapana. Matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, hapana, na Mama Rehema ameyaanika ua mzima. Karanga ndiyo kabisa hapana, tena mwezi huu wa karanga! Kila anayepita Gongoni anatafuna. Mimi wali mweupe na yai. Chakula cha mgonjwa. Haya, mgonjwa si ndiye mimi.

Jioni kapita Pazi. Jirani yangu huyu ni Mzaramo, kazi ya reli ndiyo iliyomleta Tabora. Akastaafu, akafiwa na mke, watoto wakamwita Dar, akagoma kuondoka. Mtani wangu. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka huku mpaka kwao Pwani, babu zake wakawapokea, utani ukaanzia kwenye njia hiyo na haujaisha. Ananiita Mpagazi. Namwita Mla Nazi. Shikamoo hakuna, samahani hakuna. Akikuta sufuria yangu jikoni anafunua anakula, na sina ruhusa ya kununa. Mimi jogoo wake nilimchinja Pasaka, akaja kula mguu.

Leo kanipima kwa macho. Kasema nimekonda vizuri, kwa sanda yangu leso mbili zitatosha. Nikacheka kwa mdomo tu. Sijamwambia. Akijua, mtaa mzima utajua, tena kwa wimbo.

Jumanne, 17 Juni

Tumechukua dawa ya kusafisha tumbo. Nesi anaitwa Kulwa, binti wa Kisukuma, hana aibu hata chembe. Kaeleza mbele ya Mama Rehema. Pakiti mbili za unga. Moja unaikoroga kwenye jagi la maji kesho mchana, ya pili jioni. Unaharisha mpaka yatoke maji matupu. Utumbo ukiwa mchafu daktari haoni kitu, unarudishwa nyumbani, unaanza foleni upya. Kipimo hiki ni Alhamisi tu na watu ni wengi.

Nikauliza kama kinauma. Kasema kuna sindano ya usingizi. Nikauliza kama wapo wasioamka. Mama Rehema kanifinya paja.

Nilichotaka kuuliza sikuuliza.

Umri wa Elia nimeshaupita. Sijui kama hiyo ni bahati au ni zamu.

Jumatano, 18 Juni

Jamani, leo. Niandike yote kabla tumbo halijaniita tena.

Tangu asubuhi ni chai ya rangi na supu iliyochujwa mpaka ikabaki maji. Mchana Mama Rehema kakoroga pakiti ya kwanza, kaweka jagi mezani, kafunika na kitambaa cha kufumwa. Kwa ajili ya inzi, kasema. Jagi limependeza kama la kipaimara. Nikaingia chumbani kusali kwanza. Nilisali muda mrefu kuliko kawaida, ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kuanza.

Natoka, Pazi yuko mezani. Kitambaa begani kwake. Jagi mdomoni. Mpagazi, kumbe mna juisi ya ndimu mnatuficha! Nikapiga kelele aache. Kosa hilo. Mtani ukimwambia aache ndiyo umemwambia amalize. Akageuza mgongo, akanywa huku ananipungia mkono, mpaka tone la mwisho. Akasema ina chumvi, Wanyamwezi hata juisi hatujui.

Ikabidi nimwambie. Kipimo, dawa, damu, yote, nimesimama katikati ya chumba kama nasomewa shtaka. Yeye alisikia neno moja tu, kuharisha. Akacheka. Akasema tumbo la Mzaramo limekomaa na nazi, halitingishwi na unga wa hospitali. Baada ya muda akashika tumbo. Akatoka mbio, kandambili moja ikabaki mlangoni kwangu.

Mama Rehema kacheka mpaka kakaa chini. Mimi pia. Wiki nyingi sijacheka hivyo. Halafu kicheko kikakatika. Jagi tupu. Pakiti imebaki moja. Na kesho ndiyo kesho.

Nimempigia Nesi Kulwa. Kacheka kwanza, binti yule! Kisha kasema ninywe iliyobaki sasa hivi, niongeze maji mengi sana, asubuhi nisipokuwa msafi wataniongezea wenyewe kwa mpira. Na huyo mwingine anywe maji na chumvi na sukari kidogo, asikauke. Mama Rehema kampelekea.

Nimekunywa. Bahari ya ndimu na chumvi. Nakwenda chooni, narudi, nakwenda. Nimeacha kufunga mkanda.

Jioni

Pazi karudi. Kapiga hodi. Pazi! Hajawahi kupiga hodi nyumbani kwangu. Kakaa pembeni ya kiti. Kasema pole ndugu yangu, Mungu akusimamie. Hakuniita Mpagazi. Akauliza damu ilianzaje, rangi gani, kila siku au siku moja moja, na nimekonda tangu lini. Nikamjibu. Akaitikia kwa kichwa, akaniaga vizuri, akaenda.

Mtani hasemi pole. Hata msibani hasemi pole, anadai kuku. Pazi kazika watu wengi mji huu, anamjua mtu wa kufa akimwona. Daktari bado hajasema. Mke wangu hathubutu kusema. Pazi ndiye aliyesema.

Alhamisi, 19 Juni

Alfajiri yakatoka maji matupu. Sikuwahi kufurahia kitu kama hicho.

Hospitali. Gauni lenye mgongo wazi, matako nje, mtu mzima na wajukuu. Kitanda cha baridi. Ubavu wa kushoto, magoti kifuani. Kwenye meza niliuona mpira wenyewe, mweusi, mrefu kuliko waya wowote wa breki. Nikamwambia daktari nimebadili mawazo. Kanishika bega tu. Mikono yake ilikuwa ya moto, nashukuru kwa hilo. Nikachomwa sindano.

Sikulala sawasawa. Tumbo lilijaa hewa, likaniuma, likaacha. Kuna wakati niliona kioo. Utumbo wangu mwenyewe! Wa waridi, unang'aa, kama ndani ya mdomo wa mtoto mchanga. Nikafikiri, mbona ni mzuri. Kisha kitu chekundu kimesimama peke yake kama uyoga. Daktari akasogea karibu na kioo. Nikakumbuka jina la Elia, nikalitaja au nilidhani nimelitaja. Baada ya hapo sikumbuki.

Nilipozinduka nikajamba kwa sauti ambayo bendi nzima isingeitoa. Nesi Kulwa kapiga makofi. Kasema hiyo hewa lazima itoke. Mama Rehema kaangalia dirishani, mabega yanatikisika.

Daktari kaja. Kinyama kimoja kikubwa, kimekatwa. Kidogo kimoja, kimekatwa. Vinapelekwa maabara. Ni saratani? Hawezi kusema mpaka majibu. Wiki mbili.

Nyumbani nimekula matobolwa bakuli zima. Pazi hajaja.

Jumamosi, 21 Juni

Pazi kaleta machungwa. Kayaacha kwa Mama Rehema. Kamsalimia shemeji hujambo, kaondoka. Machungwa! Alikuwa mtu wa kuiba ndizi zangu.

Nimeyatazama mpaka yakanikera. Nimewapa majirani.

Jumamosi, 28 Juni

Mazishi ya mzee mmoja, Mnyamwezi mwenzetu, asili yake Lusu. Kila mtu alikuwa anamsubiri Pazi. Kazi yake inajulikana. Huruka kaburini kabla ya jeneza, akalala humo, akamwiga marehemu alivyokuwa akikohoa, hatoki mpaka wafiwa watoe chochote. Watu huwa wanalia na kucheka papo hapo.

Leo kasimama nyuma, mikono mgongoni. Mtoto wa marehemu kamfuata, baba tunakungoja. Kasema hajisikii. Na macho yake yalikuwa kwangu. Kwangu! Nikakosa pumzi ya kupiga tarumbeta. Mwenzangu akaimaliza sauti yangu.

Mama Rehema anasema najitisha mwenyewe. Sawa. Anaamka usiku kunigusa kama napumua, anadhani sijui.

Jumatano, 2 Julai

Si saratani.

Naandika tena. Si saratani. Daktari kasema kinyama kile kingeachwa kingegeuka, lakini hakijageuka, na kimeondoka chote. Nirudi baada ya miaka mitatu wanitazame tena. Mama Rehema kapiga vigelegele kwenye korido, akaambiwa anyamaze, akaendelea.

Nimelia kwenye baiskeli njia nzima mpaka Gongoni. Mtu kanipa pole ya msiba.

Elia alikuwa na kinyama kama hiki. Nina hakika. Hakuna aliyemkokota.

Sikuingia nyumbani. Nikaenda moja kwa moja kwa Pazi, nikaingia bila hodi, nikafunua sufuria yake, nikamwambia Mla Nazi, sanda yako irudishe dukani, Mpagazi hafi. Nilitegemea anirushie kiatu.

Kasema alhamdulillah. Kisha akafunika uso kwa kofia.

Ile siku ya jagi, kasema, alipokuwa chooni na dawa yangu, yalipotoka maji ya mwisho yalikuwa mekundu. Na haikuwa mara ya kwanza. Tangu Ramadhani anaona damu. Akajiambia ni bawasiri. Hana mtu wa kumwambia vingine, anaishi peke yake na kuku. Akanisikia nikitaja damu, akashindwa kunitania, kwa sababu angekuwa anajitania mwenyewe.

Wiki mbili nimekuwa nikijizika kwa sababu ya uso wa Pazi. Kumbe uso ule ulikuwa wa kwake.

Aibu nimeona. Hata kumuuliza habari yako sikumuuliza.

Kasema haendi. Mzaramo hawezi kuingizwa mpira. Nikamwambia kesho saa moja niko hapa, na usipovaa suruali nakupeleka hivyo hivyo na shuka. Mtani ana haki hiyo.

Alhamisi, 3 Julai

Kavaa suruali. Daktari kamwona. Uso wa daktari sikuupenda. Kamweka Alhamisi ijayo.

Jumatano, 9 Julai

Nimelala kwa Pazi. Majagi yote mawili nimekoroga mwenyewe, nikakaa mlangoni na kandambili mkononi, asiingie mtani wa mtu yeyote. Kanywa huku ananitukana ukoo mzima. Nimefurahi kila tusi.

Maji ya mwisho kaniita nitazame. Nimetazama. Mekundu, nikayamwagia ndoo nzima ya maji.

Alhamisi, 10 Julai

Benchi la nje ya chumba cha kipimo. Kuna baridi, upepo wa vumbi. Wanawe wanapiga simu kutoka Dar, nawaambia bado.

Alipoitwa alinipa kofia yake iliyoshonwa kwa mkono. Akasema Mpagazi, nikifia humu usije na matarumbeta yako, sisi tunazikana kimya. Nikamwambia sanda nimeshanunua, nimechagua fupi ili miguu yako ipate hewa. Nesi Kulwa alitushangaa. Pazi alicheka mpaka akashika mlango, kisha akaingia na gauni lake la mgongo wazi.

Naogopa kuliko siku yangu. Siku yangu nilikuwa nimelala, sikuwa na la kufanya. Leo niko macho.

Mlango bado haujafunguliwa. Mikono yangu ina grisi ya jana, haitoki hata kwa sabuni. Kofia nimeiweka gotini juu ya leso safi.