Setingi Niliyosema Imezimwa

Jumanne

Toleo jipya la lugha yetu ya programu limetoka leo, na ukurasa wa setingi mpya za interpreta, ile inayoendesha programu, ni mimi niliandika. Kuna moja inanyamazisha maonyo yote ya programu. Nikaandika: "Huja ikiwa imezimwa."

Kwa laptop yangu ilikuwa imezimwa, kweli. Jioni stima zikapotea hapa mtaani Free Area, yangu ikaisha chaji, nikaazima laptop ya jirani na kuweka toleo jipya. Kwake ile setingi imewashwa! Ndipo nikakumbuka: kwangu niliizima mwenyewe wakati wa majaribio.

Marekebisho nimetuma. Lakini walioshasoma je?

Kisha Kiprono, mume wa dadangu, akapiga kutoka Keringet. Programu yake, aliyoandika kwa lugha yetu, ndiyo hulinda tangi la kupoza maziwa ya kijiji kizima.

"Shem, nimeweka hiyo mpya yenu. Wiki yote ilikuwa inanipigia kelele za joto. Sasa imetulia kabisa, hakuna onyo hata moja!"

"Kiprono, toka nje sasa hivi. Enda uguse hilo tangi kwa mkono."

Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Akakata.

Nangoja. Simu iko hapa mbele yangu, nayo imenyamaza.