Herufi Alizozihifadhi Bibi

Junda, Kisauni

Mama yangu, shikamoo.

Likizo hii mimi na wanafunzi wenzangu tunaonjeshwa kazi ya kupima macho kliniki. Nimeipenda, wallahi.

Juzi nilimpeleka Bibi. Alizitaja herufi za ukutani zote bila kukosea, akapongezwa. Lakini Bibi, mwalimu wa madrasa aliyehifadhi msahafu mzima, namjua mimi: alikuwa amewasikiliza waliopimwa kabla yake, akazihifadhi herufi. Nikatundika ubao mwingine wa herufi.

Bibi akaukodolea macho. Kisha akasema, "Huo, mjukuu wangu, bado sijausikia."

Ni mtoto wa jicho, Mama. Daktari asema atatolewa, na Bibi ataona inshallah. Bibi amekubali kwa sharti moja: siku ya kufunguliwa bandeji, uso wa kwanza atakaouona uwe wako.

Basi muombe tajiri wako unayemfanyia kazi huko Maskati akupe ruhusa.

Mwanao,
Hanan